Mfuko bila kipimo ni nusu ya matibabu

Mtu aliyepigwa risasi tumboni katika milima ya Mulenge, juu ya Uvira, anaweza kurudi nyumbani akipitisha kinyesi kwenye tundu lililofunguliwa tumboni, ndani ya mfuko unaobandikwa. Wiki 6 hadi 8 za kwanza, tundu hilo husinyaa. Asiyepima upya huacha ngozi wazi: kinyesi kinaichoma, gundi inaachia, harufu inamfungia nyumbani mbali na kanisa na soko.

Kinga yake ni rahisi: kupima kila wiki, kukata nafasi ya mfuko izidi tundu kwa milimita 2 au 3 tu, kukausha ngozi, kubonyeza kwa kiganja.

Wauguzi wasimruhusu mgonjwa kuondoka kabla hajafanya hayo mwenyewe, mbele yao.