Kumsubiri fundi wa intaneti

Kila Jumapili mama yangu Tanga hupima presha, kisha ananionyesha mashine kwa video. Mwezi uliopita intaneti ya nyumbani kwangu ilikatika siku tisa. Akawa ananisomea namba kwa simu ya kawaida, huku salio linayeyuka, nami sijui kama amesoma ya juu au ya chini.

Kampuni ikaniahidi fundi kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Nimetoka zamu ya usiku, sikuvua hata koti nisije nikasinzia. Saa saba ikapita: hakuna fundi, hakuna simu. Nilipopiga, kijana akaniambia nizime kisanduku, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilishafanya hivyo mara nne, jamani!

Ndugu zangu mlioko Uingereza, wengi wetu tunanung'unika halafu tunalipa bili nzima. Tangu Aprili 2019 kuna mpango wa fidia uliowekwa na Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano. Kampuni iliyojiunga hukulipa bila kuombwa fundi asipotokea, au laini ikiwa bado mbovu baada ya siku mbili kamili za kazi tangu utoe taarifa. Kwa hiyo toa taarifa siku ileile, uandike saa na jina la uliyeongea naye. Nasi manesi tumezoea kuandika.

Si kampuni zote zimejiunga, na za bei rahisi mara nyingine hazimo. Uliza kabla ya kusaini.