Mgeni Aanzie Stesheni

Orodha za "mambo kumi ya kufanya ukiwa Nairobi" zinafanana kama sare za shule. Asubuhi ukalishe twiga Lang'ata. Saa tano ukatazame ndovu yatima wakinywa maziwa kwa chupa. Mchana upelekwe kwenye nyumba ya Karen Blixen, uambiwe alikuwa na shamba la kahawa. Jioni nyama choma, kesho yake mbugani, kesho kutwa uwanja wa ndege. Mgeni anakaa siku tatu katika mji huu na anaondoka bila kujua kwa nini upo.

Sina ugomvi na twiga. Ugomvi wangu ni na waandishi wa hizo orodha, na zaidi ni na sisi wenyeji tunaozisambaza kana kwamba hatupajui nyumbani. Mwaka jana kampuni moja ya utalii, nisiyoitaja, iliniomba niwasahihishie Kiswahili cha orodha yao. Nikaona nafasi, nikachomeka mambo mawili: stesheni ya zamani ya reli, na makumbusho ya reli iliyo karibu nayo. Orodha iliporudi yote mawili yalikuwa yamekatwa, na pembeni yameandikwa maneno machache: wageni hawaji Nairobi kuona vyuma vikuukuu.

Vyuma vikuukuu, ati. Haya, tuanzie hapo hapo.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa kuelekea ziwani. Mwishoni mwa Mei 1899 ikafika kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, na jina hilo ndilo tunalolitamka mpaka leo. Hapakuwa na mji. Wahandisi walipachagua kwa sababu za kazi yao tu: maji yapo, ardhi ni tambarare, pana nafasi ya karakana na maghala kabla injini hazijaanza kuhangaika na mlima na Bonde la Ufa. Wakahamishia makao makuu yao hapo. Mkuu wa mkoa akafunga virago Machakos akaifuata reli. Wenye maduka wakafuata mishahara ya makuli. Miaka michache baadaye hata mji mkuu wa nchi ukang'olewa Mombasa ukaletwa kwenye tope lile. Iko miji iliyojengwa kandokando ya bandari, ya kaburi la mtu mtakatifu, ya soko la kale. Huu wetu ulizaliwa kwenye gereji ya treni. Kumpitisha mgeni Nairobi bila kumwonyesha reli ni kama kumpeleka Lamu ukamficha bahari.

Najua jibu litakalokuja. Kuna wasomaji, na hawa nawaheshimu kuliko ile kampuni, watakaosema: reli ile ilikuwa ya mkoloni, ilipita juu ya ardhi na migongo ya watu, sasa unataka tuisherehekee? Kwani nani ametaja sherehe? Wanandi waliipinga miaka mingi, wakang'oa nyaya na vyuma vyake, na mwaka 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa kwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, walipokuwa wamekutana ati kwa mazungumzo ya amani. Habari hiyo haina sherehe ndani yake. Ila jambo hili linanishangaza: orodha zile zile zinazoona haya kutaja reli hazioni haya kumtaja Blixen, aliyefika huku 1914 na kupanda mjini kwa treni hiyo hiyo. Ukoloni wenye bustani na vikombe vya chai unauzwa kwa tikiti. Ule wenye nyundo na jasho ndio "vyuma vikuukuu."

Na pale reli inapotajwa, unajua inatajwaje? Simba.

Simba wawili wa Tsavo, 1898. Luteni Kanali Patterson aliyewaua akaandika kitabu 1907, Hollywood wakatengeneza filamu, na simba wenyewe wamejazwa pamba wakasimamishwa kwenye jumba la Field Museum, Chicago. Patterson alifika mahali akadai wamekula watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa 2009 ulikadiria kama 35. Hata mmoja ni msiba, sibishi. Lakini chukua hesabu nyingine. Reli ilileta wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao wakafa kazini, wengi kwa malaria, kuhara na ajali. Gawanya kwa maili za reli mpaka Kisumu uone: watu wanne na zaidi kwa kila maili. Mbu hakupewa filamu. Na mimi nadhani sababu ni rahisi, simba anampa mzungu mwenye bunduki kazi ya kufanya katika hadithi, ilhali kuhara damu kunauliza nani aliyewapa watu maji yale.

Hata lile jina la "treni ya wendawazimu" ambalo wauza safari wanalipenda sana, lilienezwa na kitabu cha Charles Miller cha 1971. Wapinzani kule bungeni London walikuwa wameshaiita reli ya wazimu tangu mwanzo kwa sababu ya gharama. Wazimu wao ulikuwa wa pauni. Aliyekuwa akibeba mataruma kichwani hakuulizwa anaionaje. (Na tukiwa kwenye majina: iliitwa Reli ya Uganda, nayo karibu yote iko Kenya. Ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901 eneo lile lilihesabiwa Uganda, mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa. Mpaka ndio uliohama, reli ikabaki pale pale.)

Basi mgeni wangu mimi nampangia hivi.

Aanze asubuhi makumbusho ya reli, iliyofunguliwa 1971. Kwanza aione ile behewa ambayo ofisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba pale Kima, Juni 1900. Alikuwa amekaa zamu kumvizia simba, usingizi ukampitia. Ndiyo, ni simba tena, lakini aitazame kwa jicho jingine: mzungu mmoja aliyesinzia ana jina, tarehe na behewa iliyohifadhiwa. Wale karibu 2,500 wana tarakimu. Halafu atoke nje kwenye injini. Hapo ndipo mimi hukaa sana, na msomaji atanisamehe. Garratt za daraja la 59 zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, thelathini na nne kwa jumla, kila moja tani 250 na ushei, na hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilizobaki Nairobi ni Mount Gelai na Mount Shengena, yaani milima miwili ya Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron, mwingine Upare. Zilipofanya kazi reli ilikuwa moja kwa nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika 1977, kila nchi ikachukua vichwa vyake vya treni, na milima ya watu ikabaki kwetu. Gusa ile chuma jua likiwa kali uone. Hakuna twiga atakayekwambia habari hiyo.

Kisha atembee. Sisemi apande gari la watalii lenye paa la kufunguka, nasema atembee, na mwenyeji pembeni, mkoba mbele kama tunavyofanya sisi sote. Apite Muthurwa. Huko ndiko reli ilikowaweka wafanyakazi wake Waafrika, kwenye safu za vyumba vilivyoitwa landhi, ndiyo maana barabara ikaitwa Landhies na mtaa wa jirani Landi Mawe. Babu yangu, fundi wa mabehewa, alilea watoto watano katika chumba kimoja huko. Alikuwa akisema saa ya ukutani hakuihitaji, king'ora cha karakana kilimtosha. Mwaka 2010 wapangaji walianza kufukuzwa ili ardhi ile ipate matumizi yenye faida zaidi. Wakaenda Mahakama Kuu, na 2013 jaji akaona kweli haki zao zilivunjwa. Hukumu ile kaisome, ina habari za mji huu kuliko vitabu vya picha vinavyouzwa uwanja wa ndege.

Ukiendelea kwa Jogoo Road utafika Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 uliojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano. Katikati yake pana ukumbi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Baba yake alikuwa amekuja kufanya kazi reli. Yeye mwenyewe aliletwa kijana wa miaka kumi na minne, akakua akapanga vyama vya wafanyakazi visivyobagua rangi. Wiki tatu baada ya mkutano ule akakamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja. Uliza watu mia River Road Makhan Singh ni nani, halafu waulize Karen Blixen ni nani. Nimeshajaribu, kwa njia yangu isiyo ya kitaalamu, na sikufurahi.

Anayependa vitabu abebe viwili. Cha Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall, ambamo mjukuu wa kuli ndiye anayetusimulia. Na Dance of the Jakaranda cha Peter Kimani, kinachoitia reli maneno mdomoni kutoka upande wetu. Vyote ni vya Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ya Muthurwa, yenye harufu ya grisi na sukuma wiki, naisubiri, na nikiipata nitaihakiki hapa hapa hata kama ni mbovu.

Ninapiga kelele sasa kwa sababu muda wenyewe si mrefu. Upo mpango wa kuijenga upya sehemu yote hii, unaitwa Nairobi Railway City, ekari 425 kuanzia Haile Selassie Avenue kwenda kusini, na Uingereza ni mmoja wa wanaouunga mkono. Sipingi stesheni mpya. Aliyewahi kusubiri treni ya abiria ya jioni akiwa amebanwa kama dagaa hawezi kupinga. Ninachouliza ni kile kitakachohesabiwa kuwa historia mle ndani. Behewa ya Ryall haina wasiwasi, itapata kioo na taa. Je, landhi? Itabaki hata safu moja, na jiko lake na bomba lake la maji la kuchangia, ili mtu aingie asimame aone upana wa chumba? Wapangaji wa majengo hulinda vile ambavyo wageni wanaulizia. Na wageni huulizia vile vilivyoandikwa kwenye orodha. Ndiyo hasira yangu yote ile kwa kampuni isiyotajwa.

Tena si mara ya kwanza. Bustani ya Jeevanjee katikati ya mji ilitolewa kwa umma na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kandarasi za reli hiyo hiyo. Mwaka 1991 ilikuwa iuzwe ijengwe maghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza kelele, watu wakajitokeza, na bustani ipo. Mchana wowote utakuta wahubiri wanashindana kwa sauti, vijana wamelala kwenye nyasi, na mzee mmoja au wawili wanasoma gazeti la jana. Zarina Patel huyo huyo ndiye aliyeandika maisha ya Makhan Singh.

Kwa hiyo orodha yangu ya Nairobi ina mambo manne tu: makumbusho, Muthurwa, Kaloleni, na Jeevanjee kwa kupumzisha miguu. Siku moja inatosha. Twiga wanaweza kungoja hadi kesho, wana shingo ndefu, watakuona ukija. Ukifika Kaloleni uliza ukumbi uko wapi, na ukiulizwa unatafuta nini, sema unatafuta aliposimama Makhan Singh.