Bonasi Si Zawadi

Ikifika Oktoba na bonasi ya chai kulipwa, hapa kwetu Sosiot mambo hubadilika. Nyama choma huisha kabla ya saa nane, na aliyekuwa akikwepa duka kwa kupitia shamba la jirani sasa anaingia kifua mbele. Ikifika Januari, mtu yule yule yuko nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kofia mkononi, akiomba aongezewe wiki mbili. Tumeyaona miaka mingi hata hayatushtui tena. Yanatuchosha.

Jina la bonasi lenyewe linatudanganya. Fedha tunazoziita bonasi ni malipo ya pili. Majani uliyopeleka kituoni tangu Julai hadi Juni hulipwa kwa vipande: kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha kinachobaki baada ya chai kuuzwa na gharama kukatwa. Hakuna aliyekuzawadia kitu. Ni jasho lako lililochelewa kufika, na linatakiwa likufikishe Oktoba nyingine. Tuseme umepata 60,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili: 5,000 kwa mwezi. Mtu wa mshahara wa 5,000 hachinji mbuzi watatu Jumamosi moja.

Visingizio tunavijua. Eti bei ni mbaya, makato ni mengi, wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa hulipwa zaidi. Hilo la mwisho ni kweli, na wakurugenzi wa viwanda wabanwe walieleze. Lakini bei ya mnada wa Mombasa haipangwi Sosiot. Kinachopangwa Sosiot ni mkopo unaochukua Machi ukisema Oktoba italipa. Karo nayo haijawahi kumvamia mtu usiku. Mwongozo wa wizara ulitaja 53,554 kwa mwaka kwa bweni la shule ya kitaifa, na mtoto hakuanza kusoma jana. Koito ya binti, sherehe ya posa, ilijulikana tangu Pasaka. Dharura gani hii inayopiga hodi mwaka mzima?

Badala ya kuweka akiba, tunabonyeza simu kukopa. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo, shilingi 75 juu ya 1,000. Sasa ulipe mkopo huo kwa kukopa tena, kila mwezi, mwaka mzima. Umetoa 900 za ada, na ile 1,000 bado unadaiwa. Fuliza, mkopo mwingine wa simu uliokuja Januari 2019, ina ada ya kila siku, tena hujilipa yenyewe. Mwanao akikutumia 500 za dawa, Fuliza imeshazila kabla hujasoma ujumbe. Kisha unafuliza tena ili ununue dawa.

Wengine wamepita hapo. Wako kwa shailoki aliyeshika kadi yao ya benki. Wako waliokodisha majani miaka mitatu kwa pesa ya mara moja, na leo wanachuma kibarua kwenye mistari iliyopandwa na baba zao. Mtu wa namna hii hakuanguka siku moja. Alianza na 2,000 ambazo hakumwambia mkewe.

Na hapo ndipo penye kidonda. Dawa kila mtu anaijua na kila mtu anaizunguka: mume na mke wakae mezani usiku mmoja, simu zote mbili zikiwa wazi, karatasi ya malipo ya chai pembeni, waandike kila deni. La sacco, la duka, la chama, la shemeji, la simu. Mbele ya kila moja waandike linagharimu kiasi gani kwa mwezi. Tunajua kwa nini watu hawakai. Mzee ana Fuliza anayoificha, na mama ana mkopo wa chama anaouficha. Kila mmoja analipa kisirisiri kwa pesa ambazo mwenzake alidhani ni za unga. Aibu ya usiku mmoja ni nafuu kuliko riba ya miaka miwili.

Karatasi ikishajaa, linalotoza zaidi lilipwe kwanza, hata kama anayedai hapigi kelele. Sacco nyingi hutoza karibu asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kwa hiyo mkopo wa sacco unaweza kufuta wa simu. Lakini ukishafuta, jiondoe Fuliza siku hiyo hiyo; inaruhusiwa. Usipojiondoa utakuwa na madeni mawili mahali palipokuwa na moja. Na usimdhamini mtu kwa sababu tu mmeketi kanisani benchi moja. Akikimbia, ni akiba yako itakayokatwa.

Oktoba, karo ya Januari itoke kwanza, pesa zikiwa bado benki. Shule haikatai mzazi anayelipa mapema. Mbuzi, ikiwa lazima awepo, anunuliwe kwa kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki kitatosha kuku. Wageni watakula kuku.

Liko deni moja ambalo watu husahau kuliandika kabisa: la mchumaji. Yeye hana kiwanda cha kumkata mtu, hana CRB ya kukuripotia kuwa hulipi, kwa hiyo huambiwa "ngoja bonasi." Kilo alizozichuma Juni zilipimwa, zikaandikwa kwa jina lako, na malipo ya mwezi huo ukayapokea Julai. Yeye anakopa unga dukani kwa ajili ya pesa ambazo zilishapita kwenye simu yako. Jina lake liwe mstari wa kwanza wa ile karatasi.