Mwenye kazi nzuri naye huenda kwa mshauri? Cha kutarajia siku ya kwanza

Kila tukigusia afya ya akili hewani, simu nyingi zinazoingia ni za kumwombea mtu mwingine: ndugu anayeokota makopo, kijana aliyeharibiwa na bangi. Wachache hupiga kwa ajili yao wenyewe, na mara nyingi ni wale ambao kijiji kinawataja kama mfano. Mwalimu mkuu, muuguzi, mwenye mitumbwi minne, binti wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wao. Kazi zao zinakwenda vizuri. Usiku hawalali.

Tangu Daraja la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena pantoni ili afike Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya afya ya akili. Wa Ukerewe bado anategemea meli. Ila kwa watu tunaowasema, safari si kikwazo kikubwa. Wanaogopa kuonwa koridoni na mzazi wa mwanafunzi wao, na hatuwacheki kwa hofu hiyo.

Ukifika, ni mazungumzo, kwa kawaida dakika 45 hadi saa moja. Siku ya kwanza maswali ni mengi: usingizi, chakula, pombe, misiba, nani anakutegemea. Daktari anaweza kuagiza vipimo, maana upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo navyo huchosha mwili na kuvuruga hisia. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari. Uliza mapema bei, na kama bima yako inalipia.

Aliyezoea kufaulu huenda pale kama anayeingia kwenye mtihani. Anaeleza amesomesha wadogo wangapi, anatabasamu, anauliza ni vikao vingapi amalize. Mshauri hatoi alama. Anaweza kuuliza kitu kidogo tu, mfano wewe unatunzwa na nani, na hapo maneno yakakauka. Vikao vya mwanzo vinaweza kukuacha mzito kuliko ulivyokwenda; usikimbie baada ya kimoja. Msipoelewana baada ya vitatu au vinne, mwambie, au omba mwingine. Si utovu wa adabu.

Kuhusu siri: unayosema hayapelekwi kwa mwajiri wala kwa mwenzi wako, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Hapa sheria yetu inatatiza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yetu kinawafunga watu midomo. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Hata hivyo, kuwa na mawazo hayo na kuyasema si kosa; sheria inazungumzia kitendo. Yakikujia, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu, na usiende peke yako.

Kwa walio visiwani: kikao cha kwanza omba kiwe cha ana kwa ana, kisha uliza kama vingine vinaweza kufanyika kwa simu. Tafuta mahali ambapo hakuna anayekusikia, hata kama ni kwenye mtumbwi uliovutwa ufukweni.