Hakimu Hashawishiki

Magazeti yetu yana kitenzi kimoja yanachokipenda kupita kiasi: kushawishi. Mgombea anawashawishi wapiga kura. Wakili anamshawishi hakimu. Ukifungua ukurasa wa pili, mzee mzima ameshtakiwa kwa kumshawishi mtoto wa shule. Hivi kweli hawa wote wamefanya kazi moja?

Mimi nasema hapana. Lisikize neno lenyewe. Kwa Kiarabu, lilikotoka, shawwasha ni kuvuruga, kumchanganya mtu. Harufu hiyo haijatoka. Wakatoliki wanaposali Baba Yetu humwomba Mungu asiwatie katika kishawishi, na hakuna anayedhani wanaogopa hoja nzuri.

Mtu akikupa ushahidi ukaona ni kweli, hukushawishika. Umekinai. Kukinai ni kushiba, na mzizi wake wa Kiarabu ndio huo huo wa kutosheka na wa kukubali hoja. Aliyekinaishwa aweza kukueleza kwa nini amekubali. Aliyeshawishika atakwambia tu, "Hata sijui ilikuwaje."

Kaa kwenye baraza yoyote Kibokoni au Kuze, usikize. Anayekuomba kwa maneno matamu anakurai. Anayekutakia mema anakunasihi. Anayekulilia anakusihi. Anayekudanganya anakuhadaa. Vijana nao wana lao: "Kaingia boksi huyo!" Baraza ina maneno matano, gazeti zima lina moja.

Hunijibu kwamba kamusi yakubali maana zote. Sawa, lakini kamusi huandika tunavyosema, haitukatazi kuchagua. Wengine husema hayo ni ya Kimvita, na usanifu ulifuata Kiunguja. Kweli, na uamuzi huo ulipitishwa kwenye mkutano wa 1928, hapa hapa Mombasa. Lakini kurai, kunasihi na kukinai zimo Unguja pia. Hakuna mkutano uliozifuta. Zimefutwa na uvivu.

Na hasara si ya lugha tu. Bibi wa Mji wa Kale akiuza nyumba ya urithi, dalali atasema, "Tulimshawishi." Alinasihiwa au alihadaiwa? La kwanza ni ushauri, la pili ni kesi. Kijana akivushwa mpaka kwenda kupigana vita vya watu Somalia, tunaandikiwa "alishawishiwa", kana kwamba aliwekewa hoja mezani akazipima. Kumbe kuna mtu mzima aliyemhadaa, na neno hilo lampa pahali pa kujificha. Mamake anabaki na lawama kwamba mwanawe alikubali mwenyewe.

Basi wahariri, tafadhalini. Mwizi wa watoto mwiteni mhadaifu. Na hakimu akiukubali ushahidi, andikeni amekinai, au ameridhika, chagueni. Mkiandika ameshawishika, sisi wa pwani twauliza: kwa shilingi ngapi?