Gharama ya kuhakiki shamba linalouzwa ni ya muuzaji

Baada ya mavuno ndipo mashamba yanapouzwa kwa wingi huku kwetu Kaoze, na simu yangu haipumziki. Mimi ni afisa ugani, si afisa ardhi. Lakini kwa kuwa ndiye ninayeonekana na futi kamba shambani, watu huniita nipime ekari zinazouzwa, na nikimaliza kupima linakuja swali lile lile: nani atoe hela ya kikao, nauli za ndugu na gharama ya kuandika mkataba?

Jibu la mazoea ni kwamba mnunuzi atoe vyote, kwa sababu "yeye ndiye mwenye hela". Mimi sikubaliani nalo.

Wenzetu wa Marekani wana bima ya hati. Mtu akinunua nyumba, kampuni ya bima inalipwa mara moja tu, na baadaye akijitokeza mdai ambaye hakujulikana, kampuni ndiyo inayosimamia kesi na kubeba hasara kwa kadiri ya mkataba. Alipe muuzaji au mnunuzi, hiyo inategemea desturi ya eneo na mapatano yao. Sisi kijijini hatuna kampuni ya kukimbilia. Bima yetu ni uhakiki unaofanyika kabla hela haijatoka mkononi.

Uhakiki wenyewe wengi wanaufanya nusu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji. Idhini ya mauzo inatoka kwa halmashauri iliyokaa kikao, haitoki kwa mtendaji peke yake. Sasa angalia mikataba tunayoonyeshana: mhuri wa mtendaji upo, saini ya mwenyekiti ipo, mashahidi wawili wapo, na mnunuzi ameukunja vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Mwulize muhtasari wa kikao uko wapi. Hana. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri hayana nguvu. Kwa hiyo mhuri usio na muhtasari nyuma yake ni wino tu.

Halafu kuna familia. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kuhusu hilo. Na mashamba yetu mengi ni ya urithi ambao haukugawanywa rasmi. Baba alifariki, kaka mkubwa akaendelea kulima, watu wakazoea kuliita shamba lake. Anauza. Msimu wa pili dada aliyeolewa mbali anarudi na kusema sehemu yangu iko wapi. Dada huyo hana kosa. Sheria ya ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake. Hebu hesabu, ndugu mnunuzi: misimu 12 ya mpunga ukipalilia shamba ambalo mtu anaweza kuja kulidai, nawe umeshajenga tuta, umeshapanda miembe, umeshauza ng'ombe wawili ili ulinunue.

Sasa, katika hawa wawili, nani anayejua habari za dada? Si mfugaji aliyehamia juzi, wala mfanyabiashara aliyetoka Sumbawanga mjini na hela zake. Anayejua ni muuzaji. Ndiyo sababu nasema yeye ndiye abebe gharama ya kuthibitisha kwamba anachouza ni chake: kuwaita ndugu, kumleta mke au mume aweke saini, kuwasimamisha majirani mpakani, kuomba kikao. Mnunuzi akilipia hayo yote, muuzaji hana anachopoteza hata shamba likiwa na mgogoro. Lakini akiambiwa atangulize yeye, mwenye jambo la kuficha ataanza kusitasita. Hapo utakuwa umejifunza kitu bila kupoteza shilingi.

Najua utaniambia kwamba anayeuza shamba mara nyingi ana shida: mgonjwa yuko hospitali, ada inadaiwa, kuna msiba. Atoe wapi? Ni kweli. Basi mnunuzi atangulize, lakini ikatwe kwenye bei na iandikwe. Tuseme mmepatana shilingi 1,200,000 na gharama za uhakiki zimefika 80,000. Muuzaji anapokea 1,120,000. Na kama uhakiki ukionyesha shamba si lake, deni la 80,000 linabaki kwake.

Mnunuzi naye ana ya kwake. Kubadilisha jina kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, au kuomba hati mpya, ni juu yake. Hata kwenye kodi mgawanyo unafanana na huo: ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Shamba la thamani isiyofika milioni 10 lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa halimo kwenye kodi hiyo. Usitishwe.

Kuna na ile "asilimia 10 ya kijiji" ambayo baadhi ya viongozi hudai kwenye kila mauzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikuiweka. Kama kuna ada kwenye sheria ndogo, ioneni kwa maandishi, mlipe na mpewe stakabadhi.

Jambo jingine linanihusu kazini. Tangu usajili wa mbolea ya ruzuku uanze mwaka 2022, wapo wanaoonyesha usajili ule kama uthibitisho wa umiliki. Sivyo. Ule unatusaidia kujua unalima ekari ngapi ili upate mbolea. Mkodishaji naye anasajiliwa.

Kwa nyumba ya mjini yenye hati, upekuzi hufanyika kwa Msajili wa Hati, lakini mgawanyo wangu ni ule ule, na ridhaa ya mwenza bado inahitajika.

Mkiandika mkataba, ongezeni sentensi hii: "Gharama za kuthibitisha umiliki ni za muuzaji, theluthi moja ya bei italipwa baada ya muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji kupatikana." Na kwa upande wangu, futi kamba haitoki kwenye mfuko mpaka muuzaji awe amewaleta majirani wa pande zote nne, kila mmoja amesimama kwenye mpaka wake.