NANI ALIPE KING'AMUZI KIPYA?

Kituo cha televisheni kinapobadili namna ya kubana picha zake, faida huonekana upesi katika vitabu vya hesabu vya kituo hicho. Gharama haionekani humo. Gharama iko nyumbani kwa mfanyakazi na mkulima aliyenunua dishi na king'amuzi kwa jasho lake, ambaye jioni moja huwasha televisheni akaisikia sauti ya msomaji wa habari, uso wake asiuone. Kioo ni cheusi. Humwita fundi, fundi hupanda juu ya bati, huligeuza dishi huku na huku, hulipwa, huenda zake, na kioo ni cheusi vilevile. Dishi halikuwa na kosa lolote.

Sisi twasema jambo hili ni la haki, kama lilivyo jambo la mizani katika ghala la pamba, na yafaa wanachama na wafanyakazi walielewe vizuri ili wasidanganywe na mtu.

Satelaiti ituletayo picha iko juu ya ikweta, mwendo wa kilomita 35,786 kutoka ardhini. Nafasi iliyomo ndani yake ni ya kukodi, nayo si rahisi. Sasa, picha ya televisheni ya kawaida, isipobanwa, hula megabiti 270 kila sekunde. Njia moja ya satelaiti yenye upana wa megahezi 36, kwa utaratibu wa zamani wa kurusha uitwao DVB-S, hupitisha megabiti thelathini na kitu tu. Bila kubanwa, basi, hata chaneli moja haipiti.

Hapo ndipo ilipokuja MPEG-2, katikati ya miaka ya 1990. Hekima yake ni ya kawaida kabisa. Televisheni huonyesha picha 25 kila sekunde, lakini picha hizo hufanana sana. Msomaji wa habari akikaa mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki. Ya nini kuutuma mara 25? Hutumwa mara moja, kisha yakatumwa yale tu yaliyobadilika: midomo, macho, mkono unaofunua karatasi. Mpira wa miguu ni mgumu zaidi, maana wachezaji 22 wanakimbia na kamera inakimbia nao, na ndiyo sababu kituo kikibana kupita kiasi, mpira ndio unaoharibika kwanza. Mashabiki wa Simba na Yanga wanajua tunalosema: shuti linapigwa, na nyasi zinageuka vipande vya mraba.

Kwa MPEG-2, chaneli moja ya kawaida ilishuka mpaka megabiti 3 au 4, na njia moja ikabeba chaneli nane mpaka kumi. Mwaka 2003 ikaja MPEG-4 AVC, ambayo pia huitwa H.264, ikafanya kazi ileile kwa karibu nusu ya megabiti hizo. Mwaka 2013 ikafuata HEVC, yaani H.265, ikapunguza karibu nusu tena. Nao utaratibu wenyewe wa kurusha ulipata mdogo wake mwaka 2005, DVB-S2, upitishao kiasi cha asilimia 30 zaidi katika njia ileile.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Kituo kilichokodi njia nzima kwa chaneli kumi chaweza kutia chaneli ishirini kwa kodi ileile, au kikabaki na kumi na kulipa nusu ya kodi.

Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Wapo wasemao tubaki na MPEG-2 milele kwa kuwahurumia wanyonge. Huruma ya namna hiyo hatuiungi mkono, kwa sababu kodi ya nafasi iliyopotea bure itatoka mfukoni mwa mnyonge huyohuyo: kwa upande wa kituo cha umma atailipa kama mlipa kodi, na kwa upande wa kituo cha binafsi atailipa kama mlipa ada. Isitoshe, picha iliyo safi si starehe ya mabwana wakubwa peke yao. Mama anayefuata mafunzo ya kilimo au ya afya kwenye televisheni anahitaji kuliona doa lililo juu ya jani la mhogo.

Lakini king'amuzi cha zamani hakifundishiki, na hapa ndipo penye shida. Kufumbua picha iliyobanwa kwa MPEG-4 ni kazi nzito kuliko kufumbua MPEG-2, na kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo kilichochongwa kiwandani kwa kazi hiyo tu. Tumesikia habari za watu wanaopita mitaani wakiahidi kukitia king'amuzi kikuukuu programu mpya kikapata kuona. Programu mpya yaweza kurekebisha orodha ya chaneli na kasoro ndogondogo. Haiwezi kukipa macho ambayo hakikuzaliwa nayo. Msomaji na ashike dalili hizi mbili. Sauti ikisikika na picha isiwepo katika chaneli iliyokuwa ikionekana jana, mara nyingi ni kwamba kituo kimebadili namna ya kubana picha. Ikiwa kituo kimehamia DVB-S2 pia, hata sauti haitakuwapo, na chaneli haitapatikana mtu akitafuta mpaka usiku wa manane. Asimlipe mtu kupanda bati kabla hajauliza habari hiyo.

Wenzetu wa nchi tajiri wameipita njia hii. Shirika la BBC la Uingereza lilifunga matangazo yake ya kiwango cha zamani kwenye satelaiti tarehe 8 Januari 2024. ARD ya Ujerumani ikafanya hivyo tarehe 7 Januari 2025. Taarifa ilitolewa miezi mingi kabla. Lakini mfano unaotupendeza zaidi ni wa Ufaransa. Huko, katika usiku mmoja wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2016, matangazo yote ya minara yaliacha MPEG-2 yakahamia MPEG-4. Ni kweli hayo yalikuwa ya minara na si ya dishi, lakini kiwango ni kilekile na kioo cheusi ni kilekile. Masafa yaliyookolewa, ya megahezi 700, Serikali ilikuwa imekwisha kuyauza kwa makampuni ya simu mwezi wa Novemba 2015 kwa kiasi cha Euro bilioni 2.8. Basi wale waliokuwa wamesamehewa ada ya televisheni, na ambao walitegemea antena tu, wakawekewa msaada wa Euro 25 wa kununulia kifaa. Na wazee waliopita miaka 70 waliweza kumwomba mtu wa posta aje nyumbani kukifunga, bila malipo. Hatusemi kwamba Ufaransa ni pepo ya wafanyakazi. Twasema kwamba aliyevuna alikumbushwa kwamba shamba lilikuwa na wenyewe.

Nasi tuna uzoefu wetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara tulichelewa kwa makusudi, vituo vya kwanza vikaanza mwaka 1994 na televisheni ya taifa mwaka 2000. Kisha tukaharakisha. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, tukawatangulia majirani, na watu wakapanga foleni kununua ving'amuzi. Kenya walianza dijitali mwishoni mwa mwaka 2009 kwa DVB-T, halafu nchi ikachagua DVB-T2. Aliyewahi kununua akakuta amewahi bure. Mahali ambapo mnara haufiki, mbali na mji au nyuma ya milima, dishi ndilo mlango pekee wa habari za picha, na king'amuzi kimoja huenda kikawa cha mtaa mzima. Kikizimika hicho, hakikuzimika kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo twataka nini? Twataka anayepata nafuu ya kodi ya satelaiti aitoe sehemu ya nafuu hiyo, walau kwa mwaka wa kwanza, kubadilishia watu ving'amuzi: mtu alete cha zamani, apewe kipya kwa bei ambayo kibarua aweza kuilipa. Pale ambapo king'amuzi ni mali ya kampuni na mteja amekikodi tu, hapana mjadala. Kampuni ibadili mali yake, wala isitie ada mpya chini ya jina jingine. Wakubwa wa vituo watasema fedha haitoshi. Twawajibu kwamba hesabu ya nusu kwa nusu tumeieleza hapo juu, na wao waliifanya kabla yetu.

Twataka pia viwango vyote viwili virushwe pamoja kwa miezi kadhaa kabla cha zamani hakijazimwa. Hapana shaka hilo lina gharama, maana kwa muda kituo kitalipia nafasi mara mbili. Basi gharama hiyo na ihesabiwe tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya kazi, kama mkandarasi anavyohesabu njia ya mchepuko kabla ya kuifunga barabara. Katika muda huo tangazo lisomwe kwa Kiswahili chepesi, na lisomwe redioni pia, maana kumwandikia mtu juu ya kioo ambacho hakioni ni mzaha.

Tena kuna habari ya maduka. Kiwango kinapokufa ng'ambo, ghala za huko hubaki na shehena ya vifaa vilivyokufa nacho, na shehena hiyo hutafuta nchi ya kwenda kwa bei ya kuvutia. Tusiwe jalala. Mamlaka ya Mawasiliano na Shirika la Viwango wahakikishe kwamba juu ya kila boksi la king'amuzi kinachouzwa nchini pameandikwa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, ni kiwango gani kinapokea na kipi hakipokei. Mwenye kununua leo twamshauri atafute chenye HEVC na DVB-S2, ambacho kwa kawaida hupokea na vya zamani pia. Wala asishangae akisikia kwamba H.266 nayo ilikwisha kukubaliwa mwaka 2020 na siku moja itabisha hodi.

Matawi ya Chama yana kazi hapa. Viongozi wa matawi wanajua ni nyumba zipi zenye dishi, na zahanati, shule na klabu zipi za wafanyakazi zinategemea televisheni moja. Orodha hiyo na iandikwe sasa, ipelekwe wilayani. Na kituo chochote kinachokusudia kuhama, kiwe cha umma au cha binafsi, kianze kwa kuwatangazia watu tarehe yenyewe na bei ya king'amuzi kipya.